Shajara ya misheni ya Kongwa: siku ya mwisho na makabidhiano

Hii ni shajara ya safari ya uinjilisti ya usharika wetu, kutoka Morogoro kwenda vijiji vitatu vya wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma. Mambo ya kawaida nimeyapitia juu juu. Yaliyoharibika nimeyaandika kwa urefu, maana sharika nyingine zimeshaomba tuwape mpangilio wetu, na mpangilio tulioondoka nao Morogoro sio ule tuliorudi nao.

Jumamosi, 28 Juni 2025. Vibali, gari, miwani

Tumechagua Julai kwa sababu mavuno yameshaingia ndani na watu wana nafasi. Barua za mkutano zimekwenda kwa mtendaji wa kata, nakala kwa watendaji wa vijiji na kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya. Huu ni mwaka wa uchaguzi, na hakuna kiongozi anayetaka kusikia kuna spika na umati mahali halafu yeye hana karatasi. Barua ya miwani ya kusomea imekwenda peke yake kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ikiambatana na nakala ya leseni ya muuguzi wetu. Majibu yote yalitoka baada ya mtu kufunga safari na kuyafuata. Simu hazikusaidia.

Kosta ya kukodi pamoja na dereva ni shilingi 1,500,000, dizeli juu yetu. Miwani 150 imenunuliwa kwa jumla Kariakoo, 2,500 kila moja. Muuzaji ametufungia namba zote za nguvu ya lenzi sawa kwa sawa, kuanzia +1.00 hadi +3.50.

Jumatano, 16 Julai. Kijiji cha kwanza

Saa kumi kamili kwaya ikaanza kuimba uwanja wa shule. Mbele yetu walikuwepo watoto, mbuzi, na wazee watatu waliokuja kwa heshima. Ilikuwa siku ya mnada wa mifugo kijiji cha jirani. Mtu wa Kongwa hauachi mnada, na hana sababu ya kuuacha: ndiko anakouza, anakonunua, anakokutana na wakwe na kula nyama choma. Waliopanga ratiba walikuwa na kalenda ya kanisa mkononi. Ya minada hawakuiulizia. Atakayefuata aanze na hiyo.

Jioni ile tuliiokoa kwa kulipeleka kundi la nyumba kwa nyumba hukohuko mnadani, wawili wawili, bila spika. Mazungumzo yaliyofanyika chini ya mbuyu, kando ya mabanda ya nyama, yalikuwa marefu kuliko yote ya jukwaani.

Kibaya zaidi kilikuwa nguo. Tulikuja na marobota mawili ya mitumba, tukafungua la kwanza na kugawa bure baada ya sala ya kufunga. Msukumano ule sitaki kuuona tena. Waliopata ni wenye viwiko vigumu. Kina bibi walirudi mikono mitupu, na mtoto mmoja alikanyagwa mguu ikabidi muuguzi aache miwani amfunge bandeji. Robota la pili limerudishwa garini. (Wakati wa kufungasha tulicheka sana makoti mazito yaliyokuwemo. Usiku wa Kongwa mwezi Julai umetunyamazisha. Mimi mwenyewe nimelala na moja.)

Ijumaa, 18 Julai. Kijiji cha pili

Upepo. Huku Julai upepo haupumziki, na unakuja na vumbi. Spika tulizielekeza kijijini wakati upepo unatokea kijijini, kwa hiyo mahubiri yote yalirudi nyuma yetu yakaishia porini. Fundi wetu wa vyombo alihamisha jukwaa zima hadi upande wa pili wa uwanja, spika zikatazama kule upepo unakokwenda, na sauti ikafika mpaka kisimani. Kazi hiyo ilikula muda wa mahubiri yote ya kwanza. Jenereta nayo imeanza kukohoa. Chujio la hewa limejaa vumbi jekundu. Limepigwapigwa, limefutwa, limerudishwa.

Kwenye miwani ndiko tulikojifunza zaidi. Muuguzi alikuja na lile bango la kupimia macho lenye herufi za ukubwa mbalimbali. Wazee wengi hawakusoma shule, na wachache waliosoma walisimama karibu na kuwasikiliza waliotangulia, wakafika mbele wameshakariri. Wakati wa chakula cha mchana mama mmoja wa kwaya akatoa kwenye pochi sindano na uzi mweusi, na kutoka jikoni likaja sinia la mchele wenye chuya. Tangu hapo hatukulifungua tena lile bango.

Bibi mmoja wa kitongoji cha mlimani alikaa kwenye benchi, akapewa +1.00. Akatikisa kichwa. Akapewa +2.00, akaisogeza sindano mbali, akaileta karibu, akaguna. Kwa +3.00 alilamba ncha ya uzi, akaupenyeza mara moja, akauvuta wote mpaka mwisho kama anayehakikisha kwamba si mazingaombwe. Kisha akamwambia muuguzi, "Mjukuu wangu, na hii sindano naondoka nayo." Aliondoka nayo. Tulituma kijana dukani akanunue pakiti nzima.

Hadi jioni +2.50 na +3.00 zilikuwa zimebaki chache mno, huku za +1.00 zikiwa karibu zote kwenye boksi, zikinyemelewa na vijana wanaotaka kupigia picha. Anayekwenda vijijini anunue nusu ya mzigo wake kati ya +2.50 na +3.00, na asishawishike na mchanganyiko wa muuzaji.

Kuna watu miwani haiwahusu kabisa. Wilaya hii watafiti wamefuatilia trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza, tangu miaka ya 1980, na bado wapo wazee ambao kope zimegeukia ndani na kila wakipepesa zinakwaruza jicho. Watu huku wanaita vikope, na wengi huzing'oa wenyewe kwa kibano, zinaota tena. Hilo halitibiwi kwa matone wala kwa maombi ya haraka haraka jukwaani. Kope zinahitaji upasuaji mdogo. Muuguzi amewaandikia rufaa. Lakini karatasi ya rufaa mfukoni mwa mtu asiye na nauli haiendi popote, kwa hiyo tumetenga 60,000 za bodaboda, zikae kwa mwinjilisti wa mtaa (yaani tawi la usharika) na zitoke kwa kila anayepelekwa.

Jumamosi, 19 Julai, usiku. Kadi

Tupo kijiji cha tatu, ndipo tutakapofungia kesho. Kadi za waliosali sala ya toba katika vijiji vyote zimepita mia, na kwenye kundi la WhatsApp la usharika zimeshatangazwa kwa shangwe. Baada ya chakula tulizimwaga juu ya mkeka mbele ya mwinjilisti wa hapa ili tumkabidhi. Akavaa miwani (ya kwetu, +2.50), akaanza kuzipitia chini ya taa ya sola.

"Huyu ni katekista wa Anglikana," akasema, akaiweka pembeni. "Huyu anaokoka kila mkutano. Huyu sijui ni Mazengo yupi, hapa Mazengo wapo wengi. Hii namba ya simu ni ya mwenye duka." Namba ya mwenye duka ilikuwemo kwenye kadi nyingi kweli, kwa kuwa ndiye anayewatolea watu pesa na kuwapigia simu. Zaidi ya theluthi ya kadi zilikuwa za watoto wa shule. "Ndugu katibu, hawa hata kesho mkiwaambia wanyooshe mikono watanyoosha. Wanapenda kwaya."

Hakusema kwa kejeli. Ila kwa kadi zile angeanza kumtafuta nani, na wapi?

Isitoshe, hatukuwa watu wa kwanza kufika. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walifika Mpwapwa, hapa jirani, mwaka 1876, na Kongwa mjini kuna chuo cha theolojia cha Anglikana. Wengi waliokuja mbele ni watu waliobatizwa utotoni wakaacha kwenda kanisani, kwa sababu ya pombe, au ndoa ya pili, au kwa kugombana na mzee wa kanisa juu ya mpaka wa shamba. Tulikaa mpaka saa sita usiku tukihamishia majina kwenye daftari, kila kitongoji na ukurasa wake: jina, mkuu wa kaya, balozi wa nyumba kumi, na kanisa lililo karibu na mtu huyo. Watoto wakaandikwa kwa mwalimu wa shule ya Jumapili. Waliokuwa wa Anglikana wakaandikwa kwa Anglikana.

Hapo palizuka ubishi. Mmoja wetu aliuliza kwa nini tulipe dizeli kutoka Morogoro halafu majina tuwape wengine. Mchungaji alimjibu kwamba anaweza kuomba kurudishiwa mchango wake wa dizeli, lakini kuiba kondoo hatujatumwa. Daftari likaendelea.

Jumapili, 20 Julai. Siku ya mwisho

*Ubatizo.* Mtu fulani kwenye kamati alishaahidi wafadhili wetu picha za ubatizo wa waongofu wapya. Mchungaji alipoambiwa, kabla ya ibada, alikataa. Mtu mzima habatizwi kabla ya mafundisho, na mtu aliyenyoosha mkono Alhamisi hajafundishwa kitu. Waliobatizwa ni wale tu ambao mwinjilisti alikuwa akiwafundisha tangu Januari, pamoja na watoto wao wachanga. Hao sisi hatukuwa na mchango wowote kwao zaidi ya kuleta mchungaji karibu, kwa sababu mtaa huu humwona mara chache. Baadhi ya wenzetu walinuna. Nadhani mchungaji alikuwa sahihi, na wafadhili wametumiwa picha zenye maelezo ya kweli. Hakuna aliyelalamika mpaka sasa.

*Jenereta.* Ilizima katikati ya wimbo wa pili, ikakataa kabisa kuwaka. Fundi wa pikipiki aliitwa, akafungua kabureta mbele ya kanisa, akatoa tope la vumbi na petroli kwenye tundu dogo la kupitishia mafuta, akabadilisha plagi. Shilingi 35,000 pamoja na bodaboda iliyoifuata plagi dukani. Ilikuja kuwaka ibada ikiwa inakaribia kwisha.

Wakati huo wote hatukuwa na kinanda wala maiki. Wazee wa kanisa waliamuru mabenchi yasogezwe yawe nusu duara kuelekea madhabahuni, kina mama wakaingiza ngoma, na mzee mmoja akatumwa nyumbani kuleta zeze. Kwa kuimba, Mgogo hahitaji kufundishwa na mtu wa Morogoro: sauti zinaingiana tatu nne, hakuna kitabu, hakuna anayepotea. Kwaya yetu yenye sare ilikaa kimya ubeti mzima ikisikiliza, kisha ikaanza kuokoteza viitikio. Jenereta ilipowaka, fundi wa vyombo aliniangalia kuniuliza kama awashe, nikamwashiria aache.

*Mahubiri.* Vijiji viwili vya kwanza mhubiri wetu alihubiri Kiswahili na mkalimani akatafsiri Kigogo, sentensi kwa sentensi, na vichekesho vyote vilifika vimechelewa. Leo alihubiri mwinjilisti. Alianza na salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi", kanisa zima likaitikia, na kuanzia hapo sikuelewa mengi, ila niliona vizee vya nyuma vimeacha kusinzia. Ningerudia safari hii, mwinjilisti wa mahali angehubiri tangu siku ya kwanza na mgeni angetoa salamu tu.

*Mnada wa sadaka.* Baada ya ibada vilipangwa kuku, mayai, debe la karanga, chupa za mafuta ya alizeti, ubuyu na mafungu ya mlenda mkavu. Kuku wa kwanza alipanda hadi 30,000 ndani ya dakika moja, kwa kuwa wageni tulikuwa tunashindana wenyewe kwa wenyewe, na wenyeji wakawa watazamaji katika mnada wao. Mzee aliyekuwa akinadi akasimamisha. Akaweka utaratibu: wageni watanunua baada ya wenyeji kumaliza, na atakayenunua na kurudisha kitu kinadiwe tena ahesabiwe baraka. Yai moja lilizunguka mikono mingi namna hiyo, kila mtu akiongeza mia mia, mpaka likaishia kwa bibi kizee aliyelifunga kwenye khanga akasema limetosha kuzunguka.

Katikati ya mnada akafika mtia nia wa udiwani na pikipiki tatu za wapambe. Akaomba "kusalimia tu". Mchungaji alimkaribisha akae kama muumini yeyote, ila kipaza sauti hakikumfikia. Alinunua mbuzi wa mwisho kwa bei ambayo hakuna mwingine angeithubutu, akapungia watu mkono, akaondoka. Pesa ilipokelewa. Kwa watakaosafiri mwaka wa uchaguzi: jambo hili lizungumzwe na wazee wa kanisa mapema, maana kumnyima mtu kipaza sauti hadharani kunahitaji watu waliokubaliana kabla.

Jumla ya mnada ni 412,000, na yote imebaki kwa mtaa kwa ajili ya mabati.

*Nguo.* Robota la pili walikabidhiwa kina mama wa kanisa. Walilifungua wenyewe nyumbani kwa mwenyekiti wao, wakachambua, wakauza 500 kila moja, na wajane na wazee wakawekewa zao pembeni kabla ya kuuza. Hakukuwa na msukumano.

*Makabidhiano.* Saa tisa tulikaa ofisini kwa mwinjilisti, chumba chenye meza moja na dirisha lililozibwa kwa gunia. Hati iliandikwa nakala tatu: daftari la majina, miwani iliyobaki na sindano zake, 60,000 za nauli za rufaa, orodha ya waliopewa rufaa. Wakasaini mwinjilisti, mwenyekiti wa wazee wa mtaa, na mimi. Miwani za +1.00 nilitaka zirudi Morogoro, lakini mwinjilisti alisema walimu wa shule ya msingi ndio wa umri wa namba hizo. Zikabaki.

Kisha mzee mmoja akauliza tutarudi lini. Kiongozi wa msafara akajibu, "Hivi karibuni, Mungu akipenda." Mzee akasema Mungu anapenda, yeye anauliza tarehe.

Anayo sababu. Kongwa imeshaona wageni wenye mipango mikubwa: Waingereza walileta matrekta mwaka 1947 kulima karanga, udongo ukawa mgumu, mvua ikagoma, na 1951 mradi ukafutwa. Tulitoa kalenda kwenye simu tukaandika kwenye hati: 10 Agosti.

*Kuondoka.* Tulipewa kuku ambao dereva hakuwataka ndani ya gari. Wakafungwa miguu, wakawekwa kwenye kikapu juu ya keria. Tuliingia barabara ya lami Kibaigwa jua linazama.

Jumatatu, 21 Julai. Hesabu

Kosta 1,500,000. Dizeli 520,000. Chakula 900,000, na hiki tulikitoa siku ya kwanza kila kijiji mikononi mwa kina mama wapishi, ili wenyeji wasilazimike kuchinja mifugo yao kutulisha (walichinja hata hivyo, lakini mara moja tu). Miwani 375,000. Petroli ya jenereta 85,000. Fundi na plagi 35,000. Nauli za rufaa 60,000. Madaftari, nakala na sindano 25,000. Jumla 3,500,000.

Michango ilikuwa 3,280,000. Pengo ni 220,000, na mwenye Kosta ameshapiga simu. Kulikuwa na pendekezo kwamba zile 412,000 za mnada zizibe pengo. Limekataliwa kwenye kikao, kwa tofauti ya kura chache mno kuliko nilivyotarajia. Kwaya itauza chapati na supu baada ya ibada mpaka deni liishe.

Kitakachopunguzwa safari ijayo ni gari. Jenereta, spika, kinanda na wapiga vyombo vinachukua karibu nusu ya Kosta, na ibada iliyokwenda vizuri kuliko zote haikuvitumia. Hiace moja ingetosha.

Jumapili, 24 Agosti. Ufuatiliaji

Tarehe 10 haikuwezekana. Wilaya nzima ilikuwa kwenye msiba wa Job Ndugai, aliyekuwa mbunge wa Kongwa na Spika wa zamani wa Bunge, aliyefariki 6 Agosti. Tulimpigia mwinjilisti, tukakubaliana leo. Tumekuja wachache kwa basi hadi Kibaigwa, kisha bodaboda.

Daftari linafanya kazi kwa vitongoji vilivyo karibu na kanisa. Mwinjilisti ameweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu kwa kila aliyemtembelea, na darasa la mafundisho limeanza, Jumatano jioni. Yule anayeokoka kila mkutano yumo, tena anawahi kuliko wote. Katekista wa Anglikana alikuja kuchukua kurasa zake na akaleta majina ya watu wetu wawili waliokuwa wakisali kwake.

Wenye vikope: wawili wameshafanyiwa upasuaji, waliobaki wanasubiri siku ambayo mtaalamu atafika karibu. Mmoja amekataa, anaogopa kisu. Mke wa mwinjilisti anakwenda kuongea naye. Nauli zimebaki 22,000.

Kitongoji cha mlimani, kile cha bibi wa sindano, hakina alama hata moja. Ni mbali, na baiskeli ya mwinjilisti ina tairi za nyuma na mbele zilizoisha hadi nyuzi zinaonekana. Kwenye bajeti yetu ya milioni tatu na nusu hakuna aliyefikiria tairi. Tumenunua mbili Kibaigwa pamoja na tyubu, 46,000 zote, tukamfungia leo mchana. Amesema atapanda mlimani Alhamisi. Safari inayofuata ni Novemba kabla mvua hazijakaza, kama deni la Kosta litakuwa limelipwa.